Kitabu Kinachofaa Darasa la Bwera

Mtoto wa Bwera, katika wilaya ya Kasese nchini Uganda, huingia darasani na zaidi ya lugha moja masikioni. Nyumbani anasikia Lhukonzo. Sokoni Mpondwe, mpakani na Kongo, anasikia Kiswahili cha Kasindi na Beni, mara nyingi kutoka kwa Wanande, ndugu zake wa ng'ambo ya pili. Shuleni anangojwa na Kiingereza. Mtaala wa msingi ulioanza 2007 unataka asomeshwe kwa lugha ya kwao hadi darasa la tatu, na Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima. Kwa hiyo mwalimu wa wilaya ya Kasese anayechagua hadithi za kusomwa darasani hawezi kutegemea muhuri wa idhini peke yake. Muhuri unasema kitabu kinafuata mtaala. Hausemi kama mtoto atataka kufunua ukurasa wa pili.

Sikio ndilo hakimu wa kwanza. Ukurasa wowote usomwe kwa sauti, bila maandalizi. Tafsiri iliyofanywa kwa haraka hujifichua papo hapo: mjukuu anamwita bibi yake kwa jina tupu, wageni wanafika na kuanza shughuli bila kujuliana hali, na kila sentensi imebebeshwa "yeye" na "wao" wasiohitajika. Mtoto hatajua kuieleza kasoro hiyo, lakini ataanza kuchungulia dirishani.

Kisha picha. Maneno yakisema Juma ana mpira, na mchoraji akachora Juma na mpira basi, mchoro huo haujaongeza kitu. Mchoraji hodari anaweka nyuma ya Juma mbuzi anayetafuna daftari, jambo ambalo maandishi hayakulitaja. Anayesoma kwa kusuasua humwona mbuzi huyo kabla ya wenzake, naye kwa mara ya kwanza ana la kuwaambia.

Ukweli wa mahali nao upimwe, na hapa vitabu vingi vya kutoka mbali huanguka. Ikweta inapita katika wilaya hii, na juu yake Rwenzori imebeba barafu. Kilele cha Margherita kina mita 5,109. Wakonzo, wasemaji wa Lhukonzo, husimulia kwamba huko theluji iliko ndiko makao ya Kitasamba, mungu wao. Kitabu kinachomfundisha mtoto wa Kasese kwamba theluji ni mambo ya Ulaya kimempotosha kuhusu mlima anaouona kila mawingu yanapofunguka.

Mafunzo? Yawepo, lakini yasibandikwe mwishoni kama tangazo ukutani. Barbara Kimenye, aliyeishi na kufanya kazi Uganda, alianza miaka ya 1960 kuandika visa vya Moses, mwanafunzi mtundu wa shule ya bweni. Vimependwa na vizazi kadhaa vya Afrika Mashariki kwa sababu Moses hajaumbwa ili aadhibiwe. Yu hai, ana hila, ana marafiki.

Kwa vijana wa sekondari, *Siku Njema* ya Ken Walibora (1996) inastahili kufikiriwa kwa dhati. Kongowea Mswahili anatoka Tanga kumtafuta baba yake Kenya, na safari ya kuvuka mpaka ukitafuta jamaa haihitaji ufafanuzi Bwera. Lugha yake, hata hivyo, imesheheni methali na msamiati wa pwani. Kijana afungue ukurasa mmoja, akunje kidole kwa kila neno asilolijua. Vidole vitano vikiisha mapema, kitabu hicho kisomwe pamoja na mwalimu, kijana asiachiwe peke yake.

Kukagua umbo la kitabu kusichukue muda mrefu: herufi kubwa, karatasi isiyopenyeza wino, kurasa zilizoshonwa kwa uzi badala ya kushikwa na gundi tu.

Fedha zikiwa chache, nakala nyingi za kitabu kimoja kilichopimwa zinafaa darasa kuliko nakala mojamoja za vitabu vingi, maana mtoto asiyeona ukurasa anasikiliza tu, hasomi. Pengo lililobaki linaweza kuzibwa na African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini uliozinduliwa 2014. Hadithi zake ni za bure, na leseni yake inaruhusu kuzichapa, kuzitafsiri na kuzirekebisha. Mwalimu akikuta humo mjukuu asiye na adabu kwa bibi yake, ana ruhusa ya kuiandika upya sentensi hiyo, kwa Kiswahili au kwa Lhukonzo, kabla ya kuichapa hadithi.