Dau la Mdau

Siku hizi haikamiliki warsha wala ripoti bila ya kutajwa wadau. Neno limezoeleka mno hata asili yake haiulizwi tena, nayo asili hiyo ina mafunzo.

Kiingereza kina neno stakeholder, linalojulikana tangu mwanzo wa karne ya 18. Huyo alikuwa mtu wa kati. Watu wawili wakiwekeana dau, fedha alikabidhiwa yeye, naye akampa mshindi. Sifa yake kubwa ilikuwa ni kutokuwa na chake katika shindano. Sheria ya Uingereza ingali inalitumia neno kwa maana hiyo, kwa wakili anayeshika amana ya mnunuzi wa nyumba hadi mauzo yakamilike.

Mnamo 1963 waraka wa Stanford Research Institute, huko Marekani, uliwapa jina hilo wale ambao kampuni haiwezi kudumu bila ya msaada wao: wenye hisa, wafanyakazi, wateja, wakopeshaji, hata jamii nzima. R. Edward Freeman akalieneza kwa kitabu chake cha 1984. Hivyo asiye na chake akageuka kuwa mwenye chake.

Kiswahili nacho kikafasiri. Kenya husikika zaidi mshikadau, Tanzania, mdau. La kwanza limefuata Kiingereza sehemu kwa sehemu, hata likaubeba mkono wa yule aliyeshika fedha za watu. La pili limeukata mkono huo, likabaki na dau lenyewe. Ni jepesi ulimini, na kwa maana ya leo ndilo lililo sahihi zaidi.

Walakini lina kasoro: halisemi dau ni la kiasi gani. Mwenye hoteli na mvuvi ambaye diko lake linajengwa hoteli hiyo, wote wawili huitwa wadau. Mmoja ameweka fedha, mwengine ameweka riziki yake yote. Neno huwakalisha meza moja, likaficha ni nani mwenye kusikilizwa.

Watu wa pwani wanalo dau jengine, chombo cha baharini. Ni maneno mawili yanayotamkwa sawa, lakini sikio la mshairi halitoacha kuyakutanisha. Wahenga walikwisha kunena: dau la mnyonge haliendi joshi. Methali hiyo huupima upepo na nguvu za aliyemo chomboni. Mdau hapimi lolote. Atakayelitia neno hili katika ubeti hana budi kuuliza kwanza: dau la nani?