Kikamba Chuo Kikuu: Uhakiki wa Mafunzo kwa Mfano wa Mutomo

Imekuwa desturi katika idara zetu za lugha na fasihi kumtuma mwanafunzi, ifikapo likizo, arudi kwao akakusanye ngano, vitendawili, methali na nyimbo. Hurudi chuoni na kanda au daftari, akaandika tafsiri, akaichambua kwa kanuni alizofundishwa darasani, akapata alama. Mwandishi wa makala haya alipitia njia hiyo, na sasa huwapitisha wengine. Tunakusudia kuihoji desturi hiyo kwa kutazama lugha ya Kikamba, hususa kama isemwavyo na kuimbwa kusini mwa Kitui, katika tarafa za Mutomo na Ikutha. Hoja yetu ni kwamba fasihi ya Wakamba imepokewa chuoni, lakini Kikamba chenyewe hakijapokewa. Na kwamba upungufu huu si wa heshima tu, bali huharibu hata uhakiki tunaojivunia.

Historia ya jambo hili inajulikana, na hatutaikalia sana. Tarehe 24 Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wao mashuhuri wakitaka Idara ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Nairobi iondolewe, na mahali pake paanzishwe masomo yenye Afrika katikati. Fasihi simulizi ilipewa kiti cha heshima katika pendekezo hilo. Hapana msomi wa leo katika Afrika Mashariki asiyedaiwa na watu hao watatu. Hata hivyo, tukitazama lililotendeka baadaye, tunaona kwamba kilichoingia ni ngano zikiwa zimekwisha kutafsiriwa. Mwanafunzi wa Kisumu aliweza kusoma ngano ya Kitui, jambo ambalo ni jema. Lakini hakuna aliyemtaka ajifunze Kikamba ili aisome, kama vile anayesoma tamthilia za Ufaransa kwa dhati atakavyotakiwa kujifunza Kifaransa.

Maandishi juu ya Wakamba na lugha yao si haba. Krapf, aliyefika Kitui kwa Kivoi mwaka 1849, alitoa mwaka uliofuata orodha ya maneno ya lugha 6 za Afrika Mashariki, Kikamba kikiwamo. Lakini aliyetushughulisha zaidi ni Gerhard Lindblom wa Uswidi. Baada ya kitabu chake kikubwa juu ya maisha ya Wakamba alitoa sarufi mwaka 1926, na kisha juzuu 3 za *Kamba Folklore* kati ya 1928 na 1935. Lindblom alikuwa mgeni, na maoni yake juu ya Waafrika mara nyingi ni ya wakati wake. Lakini aliweka maneno ya Kikamba mbele ya msomaji. Mkamba wa leo anaweza kumsahihisha kwa sababu ushahidi umo ukurasani.

Mfano wa pili ni John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui. *Akamba Stories* yake ya mwaka 1966 inatupa kile ambacho Lindblom hakuweza kutupa: jinsi msimulizi anavyokaa na wasikilizaji wake, saa ya jioni, sauti, wimbo unaoitikiwa, mambo ya mtu aliyelelewa ndani ya ngano. Lakini ngano zenyewe zimemfikia msomaji wa chuo kwa Kiingereza. Hili ni jambo la kustaajabisha: mgeni alihifadhi maneno, mwenyeji akahifadhi mazingira, na mwanafunzi wetu amerithi desturi ya kuacha kimojawapo. Hatumlaumu Mbiti. Mwaka 1954 alikuwa amekwisha kuwaandikia watu wa kwao *Mutunga na Ngewa Yake* kwa Kikamba, na mwaka 2014, miaka 5 kabla ya kifo chake, alitoa tafsiri ya Agano Jipya katika Kikamba aliyoifanya moja kwa moja kutoka Kiyunani. Ni dhahiri kwamba alijua Kikamba kinaweza kubeba nini. Chuo ndicho kilichokuwa kikimwomba Kiingereza.

Mtu ambaye chuo kimemtendea vibaya zaidi, kwa maoni yetu, ni D. N. Kimilu. Kitabu chake *Mũkamba Wa W'o*, kilichotolewa mwaka 1962 na East African Literature Bureau, ni maelezo ya mila na desturi za Wakamba yaliyoandikwa na Mkamba kwa Kikamba. Wasomi humtaja mara kwa mara. Lakini humtaja kama mtu wa kuchotewa habari, kama kwamba yeye ni mzee aliyehojiwa chini ya mti, si mwandishi aliyepanga mambo, akachagua, akahukumu. Ni wapi tumeona insha moja inayohakiki mtindo wa Kimilu, au inayoshindana na hoja zake kama tunavyoshindana na za Lindblom? Aliyeandika kwa lugha ya watu wake amehesabiwa kuwa sehemu ya kitu kinachochunguzwa, si mmoja wa wachunguzi.

Huenda msomaji akasema kwamba tafsiri nzuri hutosha. Natutazame basi mifano 2 ya yale yanayopotea, mmoja mdogo na mmoja mkubwa.

Mfano mdogo ni wa neno. Wakamba huwaita roho wa wafu *aimu*. Na lile jitu la hadithini, lilalo watu na kuwachukua wasichana, huitwa kwa neno la mzizi uo huo likiwa katika ngeli nyingine. Msikilizaji wa ngano hiyo husikia ukoo wa maneno haya mawili: huyu mlaji ana undugu fulani na waliotutangulia, na hofu yake si ya mnyama wa porini. Tafsiri za Kiingereza huweka maneno mawili yasiyo na nasaba, na uhakiki unaotegemea tafsiri hizo hulizungumza jitu kama alama ya uovu tu. Sisi walimu wa Kiswahili tungeweza kujigamba hapa, kwani lugha yetu inao mzimu na zimwi, na undugu wao unaonekana waziwazi. Lakini tusijigambe upesi. Mfano wa pili unatuhusu sisi.

Kikamba kina njeo kadhaa za wakati uliopita. Kitenzi chenyewe hueleza kama jambo limetendeka leo, au siku chache zilizopita, au zamani. Kiswahili sanifu kina *-li-*, ambayo hutumika kwa jambo la asubuhi ya leo na kwa jambo la enzi za Kivoi pia. Mwenye kutaka kupambanua sharti aongeze maneno: jana, juzi, hapo kale. Mfasiri mwenye haraka haongezi.

Mwaka 2009, wakati wa ukame mkali uliowasumbua watu wa Ukambani, mwandishi wa makala haya alikuwa mwanafunzi aliyetumwa kukusanya nyimbo. Katika kituo kimoja cha soko upande wa Mutomo alirekodi wimbo wa myali, yaani zile nyimbo za kusuta ambazo Wakamba huzitumia kumwambia mtu makosa yake mbele ya wote. Ulitungwa na kuongozwa na mama mmoja mjane ambaye ndiye *ngui*, mtunzi na kiongozi wa kikundi chake. Wimbo ulisema kwamba mahindi ya msaada yalikuwa na hesabu moja yakiwa juu ya lori na hesabu nyingine yalipofika chini. Njeo zake zilikuwa za jambo la juzijuzi. Kila aliyesimama pale alijua anayeimbwa, ingawa hakutajwa jina.

Niliutafsiri kwa *-li-* mwanzo hadi mwisho. Sikufanya hivyo kwa kutojua, kwani Kikamba ni lugha niliyoanza nayo kusema. Fomu tuliyopewa ilikuwa na nafasi ya jina la mwimbaji, umri wake, kijiji, tafsiri na uchambuzi. Matini ya asili yaliruhusiwa kuwa kiambatisho, si lazima, na mimi sikuyaambatisha. Katika uchambuzi niliuweka wimbo chini ya kichwa cha nyimbo za historia, kwa kuwa ulizungumzia njaa. Nilisifiwa.

Miaka 4 baadaye, nikiwa ng'ambo kwa shahada ya uzamili, niliusoma wimbo ule katika semina, sasa kwa Kiingereza kilichotafsiriwa kutoka katika Kiswahili changu. Mwalimu mmoja mwenye elimu nyingi na nia njema aliuliza ni njaa ipi. Alijua kwamba Wakamba huzipa njaa zao majina, akadokeza kwamba pengine ulikuwa ni wimbo wa ile njaa kuu ya mwishoni mwa karne ya 19 iliyoitwa Ngomanisye. Wengine wakaanza kuzungumza juu ya kumbukumbu ya umma. Ilinipasa kusema palepale kwamba aliyeimbwa alikuwa hai na ana duka. Sikusema. Mazungumzo yalikuwa mazuri, nami nilikuwa katikati yake.

Niliporudi nyumbani nilikwenda kumwona yule mama, nikampelekea nakala na kumweleza kwa Kikamba jinsi wimbo wake ulivyosomwa nchi za mbali. Alicheka kwanza. Kisha akanitaka nimrudie sehemu ya mahindi kama nilivyoiandika mimi. Nikairudia kwa njeo ya zamani. Akanyamaza kidogo, akasema: "Mwanangu, umemwachia akaenda zake. Huyo wako amekwisha kufa. Wangu mimi ninakutana naye sokoni."

Sijapata kusoma uhakiki wa kazi yangu uliokuwa na haki zaidi ya huo, wala uliofupishwa vizuri zaidi. Mama huyu hakulalamika kwamba wimbo umechukuliwa, wala kwamba hakulipwa. Alilalamika kwamba umeondolewa kazi yake. Wimbo wa kusuta usiomsuta mtu si wimbo wa kusuta tena, ni pambo. Na aliyeugeuza pambo si mkoloni wala mgeni, bali ni kijana wa palepale, kwa kuifuata fomu ya chuo.

Hapa inafaa tutazame wengine walivyofanya. Huko kaskazini mwa Australia, katika Arnhem Land, wanaishi Wayolngu, wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Tangu 1994 chuo kikuu cha Darwin, ambacho leo huitwa Charles Darwin University, kimekuwa na masomo ya lugha na utamaduni wa Wayolngu. Jambo la kuzingatia si kwamba lugha hiyo inachunguzwa huko, maana lugha nyingi huchunguzwa. Jambo la kuzingatia ni kwamba mwanafunzi asiye Myolngu hujifunza kuisema, kwamba Wayolngu wenyewe ni walimu, na kwamba wazee wao wana sauti katika kuamua kipi kifundishwe na nani mwenye haki ya kukifundisha. Kwao lugha, nyimbo na ardhi vina wenyewe, yaani koo zinazojulikana. Msimulizi hakuachwa nyumbani akasubiri mtu aje na kinasa sauti.

Hatusemi tuwaige neno kwa neno. Wayolngu ni maelfu machache. Wakamba, kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, ni zaidi ya milioni 4.6. Ngano ya Kikamba haina ukoo unaoimiliki. Mtoto yeyote aliyeisikia anaweza kuisimulia. Lakini wimbo wa myali una *ngui* wake, na yeye angeweza kuulizwa. Na kule kuulizwa kusiwe kwa adabu tu, kama tumwombavyo mtu ruhusa ya kumpiga picha, bali kuwe sehemu ya mtihani wenyewe: mwanafunzi amsomee mtunzi tafsiri na uchambuzi wake, na jibu la mtunzi liandikwe na litiwe alama.

Pingamizi kubwa tunalosikia katika idara zetu ni la ukabila. Husemwa kwamba kukipa Kikamba, au Kiluo, au Kimeru somo lake kamili ni kuwagawa wanafunzi ambao Kiswahili kimewaunganisha. Mwalimu wa Kiswahili hawezi kulipuuza neno hilo, na mimi silipuuzi. Lakini litazameni vizuri. Ukabila huja pale ambapo Mkamba peke yake ndiye atumwaye Mutomo na Mluo peke yake atumwaye Siaya, kila mmoja kwa mama yake, ndivyo tufanyavyo sasa. Mluo atakayekaa muhula mmoja akijifunza Kikamba hadi aweze kuuliza swali na kuelewa jibu, huyo ndiye asiyekuwapo katika mpango wetu. Nayo Katiba ya 2010, katika ibara ya 7, inaipa Kiswahili hadhi ya lugha ya taifa na papo hapo inaiamuru serikali kuendeleza na kulinda lugha za wenyeji. Waliotunga ibara hiyo hawakuona vita baina ya mambo hayo mawili.

Pingamizi la pili ni la vitabu na walimu. Hili ni dhaifu. Watoto wa Ukambani walifundishwa kusoma kwa vitabu vya *Tujifunze Kusoma Kikwetu* miaka mingi kabla ya leo, sarufi ya Whiteley na Muli ipo tangu 1962, Kimilu yupo. Kwa habari ya walimu, South Eastern Kenya University, iliyopewa hati yake mwaka 2013, iko Kwa Vonza, katika nchi ya Kitui yenyewe. Msimulizi anayetoka Mutomo anaweza kufika darasani asubuhi na kulala kwake usiku. Linalobaki ni swali la cheo: atalipwa kama nani? Kama mtoa habari, au kama mwalimu? Katika fomu za malipo nilizopata kuziona, nafasi ya pili haikuwapo.

Niliandika upya tafsiri ya wimbo ule, safari hii Kikamba kikiwa upande mmoja na alama za *ĩ* na *ũ* zikiwa mahali pake, na maneno "juzi" na "wiki iliyopita" yakiwa yameongezwa katika Kiswahili palipohitajika. Ni tafsiri nzito kidogo, haiimbiki. Yule mama aliisikiliza yote, akasema sasa ni yule mtu. Nakala ya kwanza ingali katika rafu ya chuo nilikosomea, chini ya nyimbo za historia, pamoja na alama zake.