Ufundi wa Kulala Juu ya Maji

Mfa maji haishi kutapatapa, na waliosema hivyo walikuwa wametazama vizuri. Anayezama hunyanyua mikono, hukaza shingo, huyasukuma maji kwa miguu kama anayepanda ngazi. Kila kiungo anachokitoa nje ya maji kinamwongezea uzito. Tena hapigi kelele, kwa sababu mdomo unaohangaika kutafuta pumzi hauna nafasi ya kuita. Ndiyo maana mtoto huweza kuzama hatua chache tu kutoka kwa watu wanaopiga soga.

Mwalimu hodari wa kuogelea huanza na huo mtapatapo, mbio baadaye. Nungwi, kaskazini mwa Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wasichana na wanawake kuogelea na kuokoa, wakiwa wamevaa nguo za kuwasitiri mwili mzima. Mpiga picha Anna Boyiazis aliwapiga picha mwaka 2016. Ukizitazama, usiishie kwenye rangi ya bahari. Tazama mikono ya mwalimu.

Maji yakiwa kifuani, mwanafunzi hulazwa chali, viganja viwili vikiwa chini ya kisogo na mgongo. Masikio lazima yaingie majini, na hapo ndipo wengi hushtuka na kukunja kiuno, makalio yakazama. Mwalimu hangoji tu; anasema naye polepole: jaza kifua, tanua mikono, tazama juu. Kiganja kimoja kinaondoka. Cha pili kinabaki ncha za vidole, kisha nazo zinaondoka, na ufundi wote ni kujua lini. Kinachombeba mtoto ni pumzi yake mwenyewe na maji ya chumvi, mazito kidogo kuliko ya ziwani. Wa Mwanza au Bukoba atahitaji utulivu zaidi.

Wavulana wa pwani, wengine wataniambia, hujifunza wenyewe kwa kujitosa kutoka kwenye ngalawa. Kweli, na wengi ni mahiri. Ila shule hiyo ya mchangani haikuwaandikisha dada zao, na wanafunzi wake walioshindwa hawakurudi kusimulia. Iceland, nchi ya wavuvi na maji ya barafu, ililiweka somo la kuogelea katika sheria ya mwaka 1940. Sisi tuna bahari yenye joto mwaka mzima.

Sisemi kuelea kungewaokoa wote waliozama na meli za MV Bukoba mwaka 1996 na Spice Islander mwaka 2011. Chombo kilichopakiwa kupita kiasi ni kesi nyingine. Nasema juu ya vifo vya mmoja mmoja, kisimani, lamboni, mtoni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu 300,000 walizama na kufa mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Bwawa la vigae si sharti. Panatakiwa ufuko wenye mteremko wa taratibu, mwalimu anayejua mikondo na saa za maji kujaa na kupwa, kamba, na madumu matupu, kwa kuwa mtoto anapaswa kufundishwa pia kumrushia mwenzake dumu badala ya kujitosa.

Mtihani ningeutunga hivi: mwanafunzi aingie na sare yake ya shule, maana hakuna anayeanguka mtumbwini akiwa amevaa nguo za kuogelea. Ajigeuze chali, atulie kwa dakika mbili, kisha apige miguu hadi ufukoni. Kasi isipewe alama hata moja.