Rosela Kwanza, Ioni Baadaye

Somo la asidi na alkali katika madarasa ya chini huanza kwa desturi moja. Mwalimu anaandika ubaoni kwamba asidi hutoa ioni za haidrojeni ndani ya maji, wanafunzi wananakili, kisha, vifaa vikiwepo, karatasi ya litimasi inachovywa. Kemia yenyewe haikukua kwa mpangilio huo. Mwaka 1664 Robert Boyle alichapisha kwamba sharubati ya maua ya urujuani huwa nyekundu ikitiwa asidi na kijani ikitiwa alkali. Svante Arrhenius aliwasilisha tasnifu yake, iliyofungua njia ya kueleza asidi kwa ioni, mwaka 1884. Kwa miaka 220 watu walitenganisha asidi na alkali kwa macho, na kazi ikaenda.

Basi rangi itangulie. Na kwa mwanafunzi anayeanza, rosela, ile juisi nyekundu ya kunywa, inafundisha zaidi ya litimasi. Litimasi hujibu ama nyekundu ama buluu, hivyo mtoto huondoka akidhani maji ya ndimu na maji ya betri ni mamoja. Rosela ina ngazi: nyekundu, zambarau, buluu inayoelekea kijani, na njano alkali ikiwa kali mno.

Hapa ndipo maonyesho mengi yanapoharibika. Rosela yenyewe ni chachu, pH yake huwa karibu 2.5. Ukitumia juisi nzito kama ile ya kunywa, ukaikamulia ndimu, hakuna kitakachoonekana, maana ilishakuwa nyekundu. Ukitia maji kidogo ya magadi, asidi ya rosela inayameza na rangi haitikisiki. Darasa zima linahitimisha kwamba ndimu na magadi havina kitu. Kinachotakiwa ni kuizimua kwa maji ya mvua (ya kisima mara nyingi yana chumvi zinazoisogeza rangi kabla hujaanza), kisha kudondoshea maji ya magadi tone kwa tone mpaka ifike zambarau. Njiani, kati ya pH 4 na 6, rangi hufifia sana, na wasio na subira humwaga kikombe hapo. Kutoka zambarau, ndimu inairudisha kwenye wekundu na magadi yanaipeleka kwenye kijani, kila mtu akiona. Ila kijani hicho hakikai, baada ya muda huchakaa kikawa hudhurungi, kwa hiyo waandike wanachokiona papo hapo.

Wanafunzi watataka kujaribu kila kilichopo nyumbani, na ni sawa, isipokuwa jiki. Jiki haipimwi na rosela, inaiunguza: rangi inapotea moja kwa moja, na mtoto anaandika kwamba amepata alkali yenye rangi mpya. Akijaribu kuirudisha kwa ndimu, klorini inatoka, gesi ya sumu. Jiki isiingie darasani kabisa. Kuonja nako kuachwe, hata kama kila kitabu husema asidi ni chachu.

Siku ya pili ndipo napenda kuona siki ikiwekwa kando ya asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa sana na mwalimu mapema, mpaka vikombe viwili vya rosela vifanane wekundu. Jicho halivitofautishi. Sasa wanafunzi wadondoshee maji yale yale ya magadi katika kila kikombe, wakihesabu matone hadi zambarau na kusubiri povu litulie kila mara, maana ni kabonidayoksaidi inayotoka. Kikombe cha haidrokloriki kinageuka upesi. Cha siki kinaendelea kumeza matone, kwa mbali sana, mpaka watu wanaanza kuulizana.

Rangi ilikuwa sawa, basi hiyo asidi nyingine ya siki ilikuwa imejificha wapi? Rosela haina jibu la swali hilo. Sehemu kubwa ya asidi ya siki hukaa ndani ya maji bila kuachia ioni zake, na huziachia kidogo kidogo kadiri magadi yanavyozila zile zilizokwisha kutoka. Ile sentensi ya ubaoni iandikwe sasa.