Sikio la Fundi na Ukimya wa Mota

Mota ya stepa haizunguki kama gurudumu la baiskeli. Huenda kwa hatua, na zile zilizozoeleka katika printa na mashine za kudarizi hupiga hatua 200 kumaliza mzunguko mmoja, kila hatua nyuzi 1.8. Kila hatua ni pigo: rota, yaani sehemu inayozunguka, huvutwa na sumaku, hupitiliza kidogo, hurudi, hutikisika, na kabla haijatulia huitwa tena. Mzunguko mmoja kwa sekunde ni mapigo 200 kwa sekunde, na mapigo ya kasi hiyo sikio huyasikia kama noti ya muziki. Ndiyo maana mashine hizi huimba hata zisipoombwa, na ndiyo maana kukazaliwa ufundi wa kuzinyamazisha.

Arua na viunga vyake, Pajulu ikiwemo, katika eneo la West Nile nchini Uganda, vilichelewa kuuhitaji ufundi huo. Kwa miaka mingi West Nile ilikuwa nje ya gridi ya taifa. Umeme ulitoka kwenye jenereta, kisha tangu 2012 kwenye bwawa dogo la Nyagak lenye megawati 3.5, na ulipokatika, mwenye duka aliyeweza aliwasha jenereta yake mlangoni. Mbele ya ngurumo ile, nani angeisikia mota ya upana wa milimita 42? Gridi ilifika mwaka 2024. Jenereta inapozimwa, mlio uliokuwepo siku zote husikika kana kwamba mashine imeugua jana.

Hata hivyo, elimu ya mlio huo ilikuwepo West Nile kabla ya mota. Inakaa mikononi mwa wachonga adungu, kinubi cha Waalur na Walugbara. Uzi wa adungu, siku hizi mara nyingi mshipi wa kuvulia, ukivutwa kati ya vidole viwili na kudonolewa hausikiki hatua tano. Uzi uleule ukifungwa kwenye shingo ya mti uliopinda, na ncha yake ya pili ikashikwa na bakuli la mti lililowambwa ngozi, ua mzima husikia. Uzi haukuongezewa nguvu yoyote. Umepewa tu kitu chepesi, kipana na chenye uwazi ndani, kiitikise hewa kwa niaba yake.

Mchongaji hukwangua mti mpaka kuta za bakuli ziwe nyembamba, na huwamba ngozi mpaka ikakamae. Hugonga kwa kidole, husikiliza, hukwangua tena. Anajua kwamba kitambaa kikisahaulika ndani ya bakuli sauti itakufa, na kwamba ngozi ikinywa unyevu sauti itazama. Kila analolikwepa ndilo dawa anayoitafuta fundi wa mota. Wawili hao wanatembea njia moja, mmoja akienda na mwingine akirudi.

Fundi wa kweli hashiki bisibisi kabla ya kujua sauti inatoka wapi. Mashine ikiwa imesimama, umeme ukiwa umewaka, na kuna mluzi mwembamba, sauti hiyo ni ya draiva, saketi inayoipa mota mkondo. Mlio ukipanda na kushuka pamoja na mwendo, ni wa hatua zenyewe. Kiganja kikiwekwa ubavuni mwa kasha na kelele ikapungua, basi kasha ndilo bakuli la adungu.

Kasha hutibiwa kwanza, kwa kuwa dawa yake ni rahisi. Mota iliyokazwa moja kwa moja kwenye bati jembamba hulifanya bati lote ngoma, na wahenga walikwisha sema kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Kipande cha raba kati ya mota na bati hukata njia ya mtikisiko. Bamba la zege juu ya sponji ya godoro, mashine ikiwekwa juu yake, huzuia meza isijiunge na kwaya. Skrubu zilizolegea hukazwa, na mkanda huvutwa kiasi, kwa kuwa uliolegea hupiga na uliokazwa mno hulemea beringi.

Hatua hutibiwa kwa kugawanywa. Mkondo ukiwashwa na kuzimwa ghafla katika koili mbili za mota, rota hurushwa. Ukipunguzwa polepole katika koili moja huku ukiongezwa katika nyingine, rota huteleza, kama mtungi unaopokezanwa na watu wenye adabu. Draiva ya A4988 hugawa hatua moja mara 16, na DRV8825 mara 32. Lakini kila mota, pamoja na mzigo wake, ina kasi ambayo mapigo huangukia sawia na mtikisiko wake wa asili, kama bembea inayosukumwa kwa wakati wake. Hapo hunguruma, na wakati mwingine hupoteza hatua. Mwendo hupangwa ili kasi hiyo ipitwe upesi bila kukaliwa, na mashine huanza na kusimama kwa utaratibu badala ya kushtuliwa.

Draiva nayo ina sauti yake. Ili mkondo usizidi, huukatakata mara maelfu mengi kwa sekunde. Ukataji ukibaki juu ya mara 20,000 sikio la binadamu haliupati. Ukishuka chini ya hapo, au ukiyumba, mluzi hutoka hata mota ikiwa imetulia. Kwenye draiva nyingi ndogo kuna kiskrubu cha kurekebishia mkondo, kidogo kuliko punje ya mtama, na ustadi mwingi umo humo. Fundi huweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye mwili wa mota na sikio kwenye mpini. Kwa mkono wa pili hupunguza mkondo kidogo kidogo mpaka mota ianze kushindwa mzigo wake, kisha hurudisha nyuma kiasi cha kuiachia akiba. Mkondo uliozidi hauongezi kazi. Huongeza joto na kelele. Mvivu huupandisha hadi mwisho na kuondoka, akiiacha mota ikiunguza kiganja na kupiga mluzi siku nzima.

Kisha zikaja draiva zinazonyamaza zenyewe. Kampuni ya Trinamic ya Hamburg, Ujerumani, ilitoa chipu kama TMC2208, ambazo hujaza hatua moja kwa vipande 256 na kuiongoza mota kwa kurekebisha volteji badala ya kukimbizana na mkondo. Mashine iliyokuwa ikiimba hubaki na sauti ya mkanda wake tu. Ni kazi nzuri, ila ukimya wake hununuliwa umeshatengenezwa. Anayeununua huona hana haja ya kuuliza sauti inatoka wapi, wala ya kujua kiskrubu ni cha nini. Chipu ikiharibika, kadi nzima hutupwa na nyingine huagizwa. Kiganja kilichojua kutafuta bakuli la adungu ubavuni mwa kasha hakirithiwi na mtu.

Hasara hiyo hukaa kimya pia. Mlio ulikuwa ulimi wa mashine: beringi kavu ilikwaruza, mzigo uliozidi ulinguruma, na fundi aliyekuwa chumba cha pili alisimama kabla kazi haijaharibika. Mota iliyo katika hali ya ukimya hupungukiwa nguvu ikikimbizwa, na hatua inayopotea humo haina wa kuisikia. Huonekana jioni, kitambaa kinapotolewa kwenye fremu na ua likakutwa limedariziwa kando ya shina lake.