Land Rover ya Zamani Iliyotengenezwa Vizuri: Namna ya Kuitambua

Lami ya kutoka Karatu unaiaga kwenye geti la Loduare. Kuanzia hapo, kupanda ukingo wa kreta ya Ngorongoro kisha kuteremka hadi Endulen, ni mawe na vumbi la majivu ya volkano, na masika yakiingia ni utelezi. Gari likizima huku, duka la spea liko Karatu na fundi wa karibu ni wewe mwenyewe pamoja na spana ulizobeba. Ndiyo maana Land Rover ya zamani ina kipimo chake hapa. Uingereza, wapenzi wa MG na Triumph za miaka ya 1960 hubishana kuhusu rangi ya kiwandani na namba ya injini. Endulen kinachoulizwa ni kama gari linafunguka: kama alichofunga fundi wa jana kinaweza kufunguliwa na fundi wa kesho, porini, bila mashine ya kuchomelea.

Matengenezo mazuri ni yale yanayokubali kutengenezwa tena. Iwe unanunua gari, unakagua kazi ya fundi au unajitengenezea mwenyewe uani, shika hilo kwanza.

Jua unachokikagua

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha mgawo, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini iitwayo Birmabright, juu ya chasisi ya chuma. Series I ilidumu hadi 1958, ikafuatwa na II, kisha IIA mwaka 1961, na III kuanzia 1971 hadi 1985. Mwaka 1983 ikaja 110, yenye springi za koili badala ya zile za vyuma bapa. Jina la Defender lilianza 1990, na ya mwisho ya kizazi hicho ilitoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016. Tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha Oktoba 2024 lilionyesha kuwa bado zipo nyingi na zinatembea.

Umri wa gari unakuambia utafute nini. 109 ya Series III yenye injini ya cc 2,286 inazungusha kemshafti kwa cheni. 110 yenye injini ya dizeli ya Tdi inatumia mkanda, na mkanda ukikatika vali hukutana na pistoni.

Anzia chini

Kwa kuwa alumini haioti kutu, wengi hudanganyika: juu panang'aa, chini chasisi imekwisha. Lala chini ya gari mchana, na bisibisi kubwa na nyundo ndogo mkononi. Gonga boriti ya nyuma kabisa, kisha mikono inayotoka kwenye chasisi kwenda kushika bodi, kisha mahali springi zinaposhikizwa. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa kinatoa sauti nzito, na bisibisi inazama. Chasisi hii ni boksi lenye uwazi ndani. Matope yakiziba matundu ya kutolea maji, inaoza kutoka ndani kuja nje, na siku utakapoiona kutu kwa macho kazi imekwisha zamani.

Kiraka si aibu. Gari la miaka 40 lisilo na kiraka ni adimu. Angalia kimewekwaje. Fundi mzuri hukata kilichooza hadi akafika kwenye chuma safi, akaweka bati la unene ule ule, akachomelea kuzunguka lote, akapaka rangi. Fundi maiko hubandika bati juu ya kutu, huchomelea nukta nukta, kisha humwaga lami juu yake. Ukiona lami mbichi nene chini ya gari linalouzwa, omba ruhusa ya kuchokonoa. Muuzaji akikataa, umeshapata jibu.

Nati hazisemi uongo

Fungua boneti, lakini usianze na injini. Anza na vichwa vya nati. Land Rover za Series zilifungwa kwa nati za vipimo vya inchi, na za baadaye zikachanganya inchi na milimita. Nati ya nusu inchi ni milimita 12.7. Spana ya 13 itaingia, na mara ya kwanza itafungua bila shida. Mara ya nne itateleza na kula kona, na kuanzia hapo nati hiyo ni ya koleo na patasi. Nati zenye kona kali kuzunguka pampu ya maji, manifoldi na kava la tapeti zinaeleza kwamba mwenye gari ana spana za inchi na ana subira. Zilizoviringika zinaeleza kinyume, hata kama kava limepakwa rangi jana.

Unapofunga mwenyewe, mizunguko ya kwanza ifanywe kwa vidole. Nati ikigoma vidoleni, si ya hapo, au nyuzi zina uchafu. Kuilazimisha kwa spana ni kumwachia mwenzako kazi ya kutoboa.

Tazama pia maungio. Gasketi iliyokatwa kwa mkono kutoka kwenye karatasi ngumu ni kazi halali kabisa: inaziba, na siku ya kufungua inatoka. Silikoni iliyofura nje ya maungio imefura na ndani vilevile, na vipande vyake vitaishia kwenye njia za maji au za oili. Kwenye stelingi na breki usikubali kubahatisha kokote. Pakihitajika kotapini, pawe na kotapini mpya iliyokunjwa pande mbili. Waya wa uzio mahali hapo ni sababu ya kutosha ya kuondoka.

Rangi za waya

Umeme wa magari haya ulitoka zaidi kwa Lucas, na Lucas walikuwa na utaratibu wa rangi ambao fundi makini huujua kwa moyo. Waya wa kahawia unatoka kwenye betri bila kupita fyuzi. Mweupe unapata umeme ukiwasha swichi. Wa kijani umepita kwenye swichi na kwenye fyuzi pia. Mwekundu ni wa taa ndogo, wa bluu ni wa taa kubwa, mweusi unakwenda ardhi. Chungulia nyuma ya dashibodi kwa tochi. Ukikuta waya wa kijani umekatika na umeungwa kwa waya wa kijani, wenye unene ule ule na kiungio kilichobanwa sawasawa, gari hilo limepita mikononi mwa mtu anayemfikiria atakayekuja baada yake. Ukikuta waya mmoja mwekundu wa nyumbani umefanya kazi zote, umesokotwa na kufungwa tepu, hesabu gharama ya kuanza upya. Tazama na fyuzi: karatasi ya pakiti ya sigara iliyowekwa badala yake haikatiki mapema, bali waya ndio huungua.

Jaribio moja halihitaji kifaa. Washa taa ndogo, kisha washa indiketa. Taa ya nyuma ikifuata mdundo wa indiketa, ardhi ni mbovu. Mara nyingi chanzo ni pale alumini inapokutana na chuma: kukiwa na unyevu, alumini huliwa na kuacha unga mweupe usiopitisha umeme. Na kabla ya kuunganisha betri kwenye Series I, II au IIA za mwanzo, hakikisha ni upande gani umefungwa kwenye bodi. Kiwandani zilitoka na chanya ardhini.

Injini ya nyanda za juu

Likute gari likiwa baridi. Mwambie mwenyewe kwa adabu: “Shikamoo mzee, naomba tuliwashe mimi nikiwepo.” Ukifika ukakuta boneti ina joto, rudi kesho asubuhi.

Ukingo wa kreta uko kama mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni pungufu kwa karibu robo kuliko ya pwani. Injini ya petroli ambayo kabureta yake iliwekwa sawa Tanga itakuja huku ikinywa mafuta mengi kuliko hewa inayopata, na plagi zitakuwa na masizi. Kwa gari lililofika juzi, hilo si kosa la mtu. Kwa gari lililoishi hapa miaka na plagi bado nyeusi, hakuna aliyeigusa kabureta kwa akili.

Kwa urefu huo maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi. Mfuniko wa rejeta unaoshika presha ndio unaoyazuia yasichemke mapema, kwa hiyo uchunguze mpira wake. Kisha uliza kuhusu themostati. Mafundi wengi huitoa wakidhani wanaipoza injini. Kwenye baridi ya asubuhi ya Endulen, injini isiyo nayo huchelewa mno kupata moto wake, oili inachafuka na silinda zinalika. Gari lenye themostati inayofanya kazi limetunzwa na mtu asiyefuata mkumbo.

Fungua filta ya hewa. Kwenye Series nyingi ni bakuli la oili: oili iwe imefika kwenye alama, na tope lililotuama chini liwe dogo. Vumbi la majivu husaga silinda kuliko mwendo wowote. Sikiliza tapeti. Uwazi wake ni milimita 0.25 kwa injini ya cc 2,286 na 0.20 kwa Tdi. Mlio mwepesi wa mfululizo usikutishe. Vali iliyokazwa kupita kiasi haipigi kelele, inaungua kimya kimya. Kwa Tdi, fungua tundu dogo la chini kwenye kava la mkanda. Vumbi jeusi la mpira likitoka, mkanda unalika, na usiondoke na gari hilo kwa kuliendesha.

Kuhusu oili inayovuja, usiwe mkali kupita kiasi. Unyevu uliobeba vumbi ni umri. Tone linaloanguka mbele ya macho yako ni kazi iliyobaki.

Magurudumu ya mbele

Pandisha gurudumu kwa jeki, lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwombe mwenzako akanyage breki, kisha utikise tena. Mchezo ukipotea, ni beringi za gurudumu. Ukibaki, ni pini za juu na chini zinazobeba gurudumu. Ukishika kulia na kushoto na likacheza, angalia tairodi. Tufe la chuma la nyuma ya gurudumu liwe laini. Likiwa na vishimo, litakula kila sili mpya utakayoiweka. Breki ishike mara ya kwanza unapokanyaga. Breki ya kupampu kwenye mteremko wa kreta haina mjadala.

Bodi mwisho

Bodi iliungwa kwa ribiti na bolti, hivyo paneli iliyojeruhiwa hutoka, hunyooshwa na kurudi. Sumaku haitakusaidia kugundua puti, maana alumini haivutwi. Gonga kwa kidole na usikilize panapobadilika. Gari lililozoea njia za Ndutu au bonde la Eyasi lichunguzwe kwa tope la magadi kwenye pembe za ndani, kwa sababu magadi huila alumini. Mikunjo na mikwaruzo mingine iache ilivyo, au itumie kupunguza bei.

Fedha yako ilipe chasisi nzima, nati zenye kona na waya unaosomeka. Rangi utapaka mwenyewe ukipenda. Na kwa fundi yeyote utakayempa kazi, weka sharti moja kabla hajashika spana: kila spea anayoitoa airudishe mkononi mwako, hata kama imevunjika. Fundi mwenye kazi safi atakupa bila maneno. Anayelikataa sharti hilo, usimpe ufunguo.