Maji Yaliyofundishwa Njia

Tulifungua kamba Capestang jua likiwa bado chini, na kahawa haijapoa vikombeni mfereji ulikuwa umekwisha kutugeuza huku na huku, hata mnara wa kanisa la mji, tuliodhani tumeuacha nyuma, ukatutokea kulia, kisha kushoto, kisha tena mbele ya omo. Mtu aliyezoea barabara zinazoikata nchi kwa mstari angedhani waliouchimba mfereji huu walipotea. Kumbe katika mizunguko ile ndimo ulimo umahiri wao, kwani tangu lango la maji la Argens hadi juu ya mji wa Béziers, mwendo wa kilomita 54, maji yamelazwa ubavuni mwa vilima kwa kimo kimoja, hayapandi wala hayashuki, na fundi aliyeyalaza alikubali kulifuata tumbo la kila bonde na bega la kila kilima, akaenda mbali ili asigombane na ardhi.

Huu ndio Canal du Midi, wenye urefu wa kilomita 240 kutoka Toulouse hadi ziwa la Thau, kando ya Mediterania, uliotolewa amri na Mfalme Louis XIV mwaka 1666. Aliyeubuni, Pierre-Paul Riquet, mzaliwa wa Béziers, kazi yake ilikuwa kukusanya kodi ya chumvi. Lakini ndiye aliyefumbua fumbo lililowashinda wengi kabla yake, yaani mfereji unaovuka mgongo wa nchi utanywa maji gani, ilhali maji yote huukimbia mgongo. Alivikusanya vijito vya Montagne Noire katika bwawa la Saint-Ferréol, akayaongoza maji hayo mpaka Naurouze, penye kimo cha takriban mita 190, yagawanyike huko, mengine yaelekee Atlantiki na mengine Mediterania. Alifariki mwaka 1680, miezi michache tu kabla ya mfereji kufunguliwa. Sifa ni haki yake. Walakini moyo wangu huwaelekea zaidi wale maelfu walioshika sepeto na vikapu, na miongoni mwao wanawake waliotoka milima ya Pyrenees, ambao maarifa ya kuyashusha maji mlimani bila kuyaghadhibisha walikuwa nayo tangu vijijini kwao.

Karibu na Colombiers tuliingia Malpas, njia isiyozidi mita 200 iliyotobolewa mwaka 1679 katika kilima cha mchanga mwepesi kubomoka, ikawa ya kwanza Ulaya kuchimbwa chini ya ardhi ili vyombo vipite. Sauti zetu zilishuka zenyewe. Tulipotoka upande wa pili jua lilitupiga usoni, maana hapo ile miti mikubwa ya platani haipo tena. Ugonjwa wa kuvu, uliogunduliwa hapa mwaka 2006, umesababisha maelfu yake kukatwa, na kuviona visiki vile vimepangana ukingoni ni msiba kwa mtu yeyote aliyekwisha kupita chini ya kivuli chake.

Alasiri, zamu ya wanaoshuka ilipowadia, tukaingia Fonserannes, ngazi ya maji yenye mabirika manane yaliyoshikana, mteremko wa mita 21 na nusu. Kila birika lina umbo la yai, kwa kuwa ukuta uliopinda hustahimili msukumo wa udongo kuliko ulionyooka, na somo hilo lilipatikana kwa gharama, baada ya birika la mwanzo lenye kuta zilizonyooka kuporomoka. Nami nikapata langu. Katika birika la kwanza nilizungusha kamba kwenye nguzo ya chuma, nikaipiga fundo imara kama nilivyofundishwa kwetu pwani, penye upepo na mkondo. Bibi mwenye chombo, aliyekuwa ameshika sukani, alikuja mbio akalifungua kabla maji hayajatuacha tukining'inia. Hapa kamba haifungwi: huzungushwa mara moja, ikaachiwa kidogo kidogo kadiri maji yanavyoshuka, mkono ukihisi uzito wa chombo, macho yakiangalia tezi lisije likakalia kizingiti cha mawe kilicho chini ya lango la nyuma. Kufikia birika la nne viganja vyangu vilikuwa vimeanza kufahamu, na nakiri kwamba furaha niliyoipata si ndogo.

Siku hizi vyombo hushuka mabirika sita, kisha hugeuka kufuata njia mpya. Zamani iliwabidi manahodha kuukata mto Orb wenyewe, na mto ulipofurika walingoja siku kadha wa kadha; lakini tangu mwaka 1858 kuna daraja la mawe lililobeba mfereji juu ya mto. Tulilipita wakati wa magharibi, polepole, bibi akiwa kimya sukanini. Niliinama ubavuni nikatazama: chini yetu Orb ulikuwa ukienda zake kuelekea baharini, na sisi juu yake tukielea.